Jina la Mungu Halitokake Bule

Sisi wenye kufundisha luga katika masomo ya sekondari hapa Bukavu tunaona namna vijana wanapenda hadisi za dunia zisizokuwako. Nikiwaomba watunge moja, kila mutu anaanza na mungu wake. Lakini majina sasa! Zorkan, Xartos, Thoron. Ninauliza: «Ile jina iko na maana gani?» Wananijibu: «Haina maana, Mwalimu. Inalia tu muzuri.»

Tusiwacheke. Mwaka 1905, Lord Dunsany, mwandishi wa Irlandi, alitoa kitabu The Gods of Pegāna, na mukubwa wa miungu yake akamuita Mana-Yood-Sushai. Ni sauti zaidi kuliko maana. J.R.R. Tolkien, profesa wa luga kule Oxford, alishika njia ingine. Yeye alitunga kwanza luga, maneno na sarufi, halafu majina yakatoka mule. Katika The Silmarillion, iliyotoka 1977 nyuma ya kifo chake, Mungu anaitwa Eru, ni kusema «Yeye Mmoja», na tena Ilúvatar, «Baba wa wote».

Basi, kazi ile iliyomushika Tolkien karibu maisha yake yote, wazee wetu walituachia imekwisha. Katika Mashi tunasema Nyamuzinda: ndani yake unasikia -zinda, kuwa wa mwisho. Jirani zetu wa Rwanda wanasema Rurema, kutoka kurema, ndiyo kuumba; na Iyakare, yule wa tangu mwanzo. Kiswahili nacho kina Muumba. Kwa Banyanga wa Walikale, katika hadisi ya Mwindo, Nkuba ni radi yenyewe. Mzee Candi Rureke aliitoa hadisi ile kwa kinywa. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitia katika kitabu mwaka 1969. Hapo jina linaonyesha kazi ya mwenyewe.

Wazazi wengine wananiambia kutunga miungu ni zambi. Ninawajibu kwamba mutoto anajua hadisi ni hadisi. Lakini mupaka uko. Lyangombe, kwa mufano, siruhusu wamuchezee: kuna jamaa ambazo wakubwa wao waliingizwa katika ibada yake, na jina lile kwao si la muchezo.

Kinachonisumbua ni kingine. Watoto wengi waliozaliwa hapa mujini wanasikia Mashi kwa shida, ao hawaisikii kabisa. Kwa hiyo ninawaambia: mbele ya kutunga jina, nenda kwa nenu ao kwa mzee wa nyumbani, umuombe kitenzi kimoja cha luga yenu, na jina lijengwe juu ya kile. Maana siku hawatasikia tena -zinda ndani ya Nyamuzinda, jina lile litakuwa sawasawa na Zorkan: linalia tu muzuri.