Wageni Tusiowaalika

Sisi wawili tulikulia Tanga, na tangu tuhamie Hamburg, Ujerumani, tulikuwa tukiikumbuka bahari. Basi mzee mmoja jirani yetu alipotaka kuuza tangi lake la kioo la samaki wa maji ya chumvi, la lita 300, pamoja na mawe na matumbawe yake, tulilinunua bila kuuliza mengi.

Akina mama wenzetu, hatukujua kwamba mawe ya baharini huja na abiria. Ndani ya vitundu vyake hukaa minyoo, kaa na viumbe wengine wengi, nao hujificha mchana kutwa. Furaha yetu ilidumu majuma mawili. Kisha usiku tukaanza kusikia mlio, ta! ta!, kama mtu agongaye kioo kwa ukucha. Asubuhi tulikuta konokono wamevunjwa makombe yao, na samaki mdogo aliyependwa na kitinda mimba wetu hayupo. Juu ya mawe nako yaliota mauamaua ya kahawia. Tuliyakwangua kwa kisu, lakini baada ya siku chache, palipokuwa na moja pakawa na sita.

Hasira zikatupanda. Jumamosi moja tulibandika jikoni sufuria yetu kubwa ya pilau, tukakata shauri kuyachemsha mawe yote ili kila kilichomo kife. Watoto walikuwa mezani palepale wakinywa chai. Maji yalipoanza kutokota tukaambiana, "Afadhali tumwulize kwanza mwenyewe." Tukapiga simu.

"Zimeni jiko!" yule mzee alisema. "Msitie hata jiwe moja!"

Alitueleza kwamba katika mawe yetu kulikuwa na zoanthidi, viumbe wa jamii ya matumbawe wanaofanana na vifungo vya rangi. Baadhi yao wana sumu kali iitwayo palitoksini. Wakichemshwa, mvuke huweza kuibeba sumu hiyo hadi mapafuni; hata kuwasugua kwa brashi ni hatari. Mwaka 2018, huko Steventon, Uingereza, watu wa familia moja walipelekwa hospitalini baada ya matumbawe ya tangi lao kutoa sumu yalipokuwa yakisafishwa nyumbani. Tuliwatazama watoto wetu pale mezani, magoti yakatulegea.

Jioni mzee alikuja na tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu, maana viumbe wengi wa usiku hawashtushwi sana na mwanga mwekundu. Tukazima taa, tukachungulia mgeni mmoja mmoja.

Aliyekuwa akigonga alikuwa aina ya kamba mwenye mikono iliyokunjwa kama ya vunjajungu. Pigo lake hupasua kombe, na huweza kuumiza kidole cha mtu. Hatukumshika. Tulikata chupa ya plastiki shingoni, tukaigeuza shingo ielekee ndani, tukatia kipande cha samaki. Usiku wa tatu akaingia. Mzee alimchukua akamfuga peke yake.

Yale mauamaua yalikuwa wanyama waitwao aiptasia. Kipande kidogo tu kikibaki huweza kuwa mnyama mzima, kwa hiyo kisu chetu ndicho kilichowazidisha. Tuliwatia kamba wadogo wa aina inayowala, wenye michirizi myekundu, nao wakawapunguza polepole.

Na minyoo wenye nywele, ambao tuliwachukia kuliko wote? Kumbe wengi wao hawana ubaya. Hula mabaki ya chakula na kuusaidia mchanga kuwa safi. Nywele zao huchoma, basi tulianza kuvaa glavu, tukawaacha waendelee na kazi yao.

Ukiwa na tangi kama hili nyumbani, mpendwa msomaji, usiue kitu kabla ya kukijua. Jiwe lisichemshwe wala kusuguliwa. Usiingize mikono mitupu, na watoto wasisogee wakati wa kusafisha. Kiumbe usiyemtaka usimtupe mtoni wala baharini. Mpe anayejua kumfuga.

Siku ile tulikuwa na hakika kwamba hatari imo ndani ya kioo. Kumbe tulikuwa karibu kuileta wenyewe mezani kwa watoto. Sufuria ile sasa hupikiwa pilau tu.