Pori la Nkambo, Makala ya Noko

Sisi watu wa Kamina tunajua harufu ya makala kabla ya kujua kusoma. Asubuhi na mapema kinga zinaingia mjini na mifuko mirefu, mwenyewe anasukuma kwa miguu, jasho linamtoka. Miaka mingi nilinunua bila kuuliza ni mti gani umeanguka.

Nkambo yangu mwanamke alikuwa mtu wa pori. Kwao, mvua za kwanza zikisha kunyesha, hakuna aliyekwenda kuokota bilulu, yaani viwavi vya kuliwa, kabla ya mkubwa wa kijiji kutoa ruhusa. Vile vidogo viliachwa vikomae. Na miti ya kando ya chemchemi haikuguswa na shoka, kwa sababu wazee wetu Baluba waliamini kwamba bavidye, zile roho kubwa, wanakaa mahali kama pale. Sisi wana wa shule tulicheka. Lakini maji hayakukauka hata wakati wa jua kali.

Nilipokwenda tena, nkambo akiwa amekwisha kufariki, nilikuta visiki. Chemchemi ilikuwa tope. Kwa hasira nilimfuata noko pale kwenye tanuru lake la udongo, nikamfundisha habari za tabianchi na hewa inayochafuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Sawa, mwalimu. Lakini minervali yako ya sekondari nililipa na nini? Ni makala. Ile miti yenye unalilia, ni weye uliikula mu masomo."

Sikuwa na jibu.

Katika Oktoba 2022, wajumbe wa mataifa walikutana Kinshasa kutayarisha mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh. Wakubwa wetu waliita Kongo "nchi ya suluhisho". Ni neno zuri. Lakini suluhisho hilo litabebwa na mgongo wa nani? Noko hana motokari wala kiwanda. Moshi uliopasha dunia joto umetoka zaidi katika nchi tajiri. Na hapa kwetu, anayekula moto wa makala ni sisi wa mjini, tusio na umeme wa kutosha kupikia. Kumwambia "acha" bila kumpa njia ingine, si haki.

Njia iko. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wa mababu zao, mpaka hektari 50,000, bure na bila mwisho wa muda. Anayetoa ni gavana wa jimbo. Nilikwenda kuisoma kijijini, nikaitafsiri Kiluba. Mama mmoja akauliza:

"Iyo karatasi, bana batakula?"

Swali la haki. Tuliongea mpaka usiku. Wazee wenyewe walikumbusha kwamba miti ya miombo haifi ikikatwa: kisiki kinachipuka tena, ikiwa moto na jembe vinakaa mbali. Basi mpango ukatoka kwao: sehemu ingine ipumzike miaka, ingine ikatwe kwa zamu, na bilulu, bowa na asali viuzwe kwa wakati wake, kama zamani. Sheria ya nkambo ilirudi, safari hii na muhuri.

Dosie bado haijakwisha. Wafanyabiashara wanakuja na feza mkononi kununua miti ingali imesimama, na vijana wengine wanaona sisi tunawachelewesha. Noko naye hajakubali yote. Alisema tu:

"Kwa chemchemi, sawa. Ingine tutaona."

Ndugu msomaji, wengi wetu tulisomeshwa na pori. Deni lile halilipwi kwa kuwahubiria wakata miti. Peleka sheria hiyo kwenu, uisome kwa lugha ya nyumbani, ukae chini, usikilize. Mimi ndiye nilikula ile miti. Basi ni mimi ninabeba dosie.