Mlinzi wa viatu kwenye kiwanja cha Nyamitaba



Ukitoka Goma kwenda Nyamitaba, unafika Sake, unaacha ziwa nyuma, na njia inaanza kupanda. Hewa inakuwa baridi. Kila upande ni vilima vya majani, ng'ombe wanakula pole pole, mikaratusi imesimama mistari. Vijana wanashusha makala na viazi kwa chukudu. Wamama wanapanda na mizigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mvua ikinyesha, pikipiki haikubebi tena: unashuka, mnaisukuma pamoja kwenye matope.

Naanza na njia kwa sababu mtu asiyeweza kuipanda anabaki nyumbani.

Nilifika kwa kutembelea ndugu. Siku ya Mungu, kisha misa, watoto walikwenda kiwanjani na mpira wao wa sashe zilizofungwa kwa kamba. Walivua viatu, wakavirundika pembeni. Kando ya viatu alikaa kijana mdogo, miaka kumi na moja hivi, fimbo karibu yake. Mguu mmoja ulikuwa mwembamba, haukunyooka.

Nikamuuliza: "Wewe huchezi?"

Akanijibu: "Mimi nalinda viatu."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja kazi yake. Ndilo jambo lililoniuma.

Jioni nilikwenda kumsalimia mama yake. Aliniambia: "Dada, nilimbeba mgongoni mpaka akafika miaka sita. Sasa ni mzito. Nilimkataza mpira ili asianguke, ili wasimcheke. Pale kwenye viatu angalau yuko na wenzake." Ndani ya nyumba kulikuwa kiti cha magurudumu walichopewa. Juu yake palikuwa mfuko wa maharagi. Kiti kizuri, lakini kwenye kilima hiki na matope haya kingempeleka wapi?

Wamama, mara nyingi tunafikiri kumsaidia mtoto kama huyu ni kungojea kitu kutoka mbali. Vitu hivyo vina kazi yake. Pale Goma, kituo cha Shirika la Umoja kinatengeneza miguu ya bandia, na watu wengi waliokatwa mguu kwa sababu ya vita wamesimama tena kwa msaada huo. Lakini mchezo unaweza kuanza kabla, kama tukichagua mchezo unaofaa udongo wetu.

Upo mpira wa wavu wa kukaa chini. Kiwanja chake ni kidogo, mita 10 kwa 6. Wavu wa wanawake unafungwa kwenye mita 1.05, karibu na kiuno cha mtu mzima. Kila upande wachezaji sita. Sheria kubwa ni moja: ukigusa mpira, usiinue matako kutoka chini. Unasogea kwa mikono. Jirani zetu wa Rwanda wanaucheza sana. Timu yao ya wanawake ilifika Michezo ya Paralimpiki ya Rio mwaka 2016, ya kwanza ya wanawake katika mchezo huo kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Na anayependa mpira wa miguu ajue kwamba Tembo Warriors wa Tanzania, wanaocheza kwa magongo, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Uturuki mwaka 2022.

Nilimweleza mama yule. Alinyamaza, kisha akasema: "Majani tunayo."

Kesho yake, saa za jioni, tulitoa mavi ya ng'ombe na mawe kwenye kipande cha kiwanja. Tulisimika miti miwili, tukafunga kamba. Watoto wote walikaa chini, wenye miguu mizima pia. Hapo mambo yaligeuka. Wale wakimbiaji walibingirika kama viazi. Mlinzi wetu wa viatu, mwenye mikono iliyokomaa kwa fimbo, alifika kwenye mpira mbele yao. Baadaye ulimpiga usoni. Mama yake alisimama, akapiga hatua moja, akajizuia. Mtoto alijipangusa, akaomba mpira urudi kwake.

Viatu vilikaa pembeni bila mlinzi. Hakuna kilichopotea.

Haki hii si huruma yetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kongo iliuridhia mwaka 2015, kwenye kifungu cha 30, unataja michezo na kucheza kwa watoto wenye ulemavu. Na nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ya kulinda haki za watu hao.

Kwa kikundi kinachotaka kujaribu: muulize mtoto mwenyewe anataka nini kabla ya kumpangia. Mwiteni kwa jina lake, si kwa ulemavu wake. Angalieni njia ya kufika kiwanjani na ya kwenda chooni. Kama lazima abebwe, pangeni zamu kati ya familia, kama tunavyopeana zamu kwenye likelemba, mzigo usibaki kwa mama mmoja.

Jambo la mwisho. Siku ile, pembeni ya kiwanja, sikuona msichana hata mmoja mwenye ulemavu, hata wa kulinda viatu. Nilipouliza, niliambiwa: "Wako nyumbani, wanalea watoto." Mama wa kijana aliniambia anamjua mmoja, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Aliahidi kumfuata siku ya Mungu inayofuata. Na wewe, kwenye kilima chako, unamjua nani?