Malazi ya Ugenini, Jana na Leo

Nilipokuwa mtoto huku kwetu Kisegi, kati ya vilima vya Gwassi na Ziwa Viktoria, mtu aliyesafiri kwenda kulala kwa watu hakubeba malazi. Alibeba kuku, au unga wa mtama, au omena waliokauka vizuri. Pa kulaza mbavu palikuwa shauri la mwenyeji. Hakuna aliyetuma kuuliza kwanza kama kitanda kipo. Jua likishazama upande wa ziwa, mama mwenye boma alitoa mkeka, akaukung'uta uani, akautandika, na mgeni akawa na pake.

Leo tukirudi kutoka Nairobi, Kisumu au Mombasa kwa mazishi ama kwa Krismasi, nyuma ya gari mna godoro la upepo lililokunjwa, pampu yake, shuka, mto na chandarua. Nalishukuru godoro hilo, maana limewapumzisha watu ninaowapenda. Nasikitika pia, kwa sababu lilipoingia kuna jambo lililotoka.

Mkeka wa zamani, ambao kwa Dholuo ni par, ulishonwa kwa mafunjo yanayoota katika vinamasi vya pwani ya ziwa. Wanawake waliyakata, wakayaanika juani, kisha wakayapanga na kuyashona kwa kamba. Ndani ya bua la funjo mna kiini chepesi kilichojaa vinafasi vya hewa, na hewa hiyo ndiyo iliyozuia ubaridi wa sakafu ya udongo kupanda mwilini. Wahenga wetu walilalia hewa muda mrefu kabla ya pampu kufika. Wazee walikuwa na ngozi ya ng'ombe, pien, iliyolainika kwa miaka ya kulaliwa.

Watoto tulilala kwa nyanya. Nyumba ya bibi kizee walikolala wasichana na watoto wadogo iliitwa siwindhe. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao Siaya cha mwaka 1989, wameeleza jinsi bikizee huyo, pim, alivyokuwa mlezi na mwalimu wa kizazi kizima gizani. Wavulana wakipevuka walihamia simba, kibanda chao langoni mwa boma. Mtoto mgeni, hata awe wa ukoo wa mbali, alisogezewa nafasi katikati, akapata joto la pande mbili na hadithi juu yake. Asubuhi hakuwa mgeni tena, kwa kuwa tayari alijua nani anakoroma, nani anaogopa fisi na nani analala amemshika nyanya kidole.

Usiku mkubwa kuliko yote ulikuwa wa matanga. Akifa mzee, moto uitwao magenga uliwashwa uani na waombolezaji walilala wakiuzunguka. Waliokuja kutoka Karungu, Magunga au ng'ambo ya maji Mfangano hawakuweza kurudi usiku, wala hakuna aliyetaka warudi. Mikeka ilikusanywa kutoka kila boma la jirani. Mama wa boma hili aliwachukua kina mama wenye watoto wachanga, mama wa boma lile akachukua wazee wasioweza umande. Kuwapa watu mahali pa kulala ilikuwa sehemu ya kulia pamoja. Mfiwa alipoamka alfajiri na kuona ua umejaa watu waliolala chini kwa ajili yake, alijua hayuko peke yake.

Nadhani mabadiliko yalianzia shule za bweni. Kila mwanzo wa muhula, juu ya matatu yaliwekwa masanduku ya bati na magodoro membamba ya sponji yaliyofungwa kwa kamba, jina la mwanafunzi limeandikwa pembeni kwa kalamu ya wino mzito. Hapo tukajifunza kwamba malazi ni mali ya mtu mmoja, yana jina lake na yanamfuata aendako. Halafu yakaja maisha ya mjini, vyumba viwili vya kupanga, na safari fupi za mazishi: mwili unawasili Ijumaa, maziko ni Jumamosi, na jioni hiyo magari yanarudi. Hema na viti vya plastiki vinakodiwa. Wenye uwezo hulala katika gesti za Sindo, Mbita au mjini Homa Bay. Wengine hukesha ndani ya magari. Godoro la upepo limetufaa hapo katikati.

Godoro hilo si kitu kipya duniani. Mwaka 1889 kampuni ya Pneumatic Mattress & Cushion, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ilikuwa ikitengeneza magodoro ya namna hiyo kwa ajili ya meli za kuvuka bahari. Kwetu limefika likiwa la plastiki, na kwa kuwa ndugu wengi huniuliza wachague lipi, nitasema ninachokijua.

Fikiria kwanza ni nani atakayelilalia. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuinuka kutoka godoro la sentimita 20. Mtafutie lenye kimo cha kiti, karibu sentimita 45, akae pembeni kwanza, kisha ainuke. Kijana anatosheka na lile fupi, ambalo pia ni jepesi kubeba na halihitaji upepo mwingi. Soma uzito ambao mtengenezaji anasema godoro linaweza kubeba, na ujumlishe wote watakaolala. Wakilala wawili kwenye chumba kimoja cha hewa, mzito akigeuka mwepesi anarushwa, na wote huteremkia katikati. Lenye vyumba viwili linawapa amani. Mtoto mchanga asilazwe juu yake kabisa, hata akiwa na mama yake, kwa sababu ulaini wake unaweza kumziba pumzi.

Angalia uso wake. Plastiki tupu hutoa jasho na shuka huteleza usiku kucha; wenye mahameli juu hushika shuka na hauna kelele mtu akijigeuza. Chagua tundu pana la kutolea hewa, ukunje upesi asubuhi. Na pampu iwe ya mguu au ya betri. Ya umeme ina upepo mkali, lakini bomani usiku wa matanga jenereta ina kazi ya taa na vipaza sauti.

Likishanunuliwa, lijaze nyumbani usiku mmoja kabla ya safari. Plastiki mpya hunyumbuka, kwa hiyo usiku wa kwanza hulegea hata kama halivuji. Ukishuku tundu, pitisha maji ya sabuni uone povu linapochemka, na ubebe gundi na kiraka. Usilijaze likawa gumu kama ubao. Lala ubavu: nyonga izame kidogo bila kugusa sakafu, na hapo mgongo utanyooka.

Jambo ambalo wengi hawalitazamii ni baridi. Kwetu mchana ni joto, lakini alfajiri hewa baridi huteremka kutoka vilima vya Gwassi hadi pwani. Hewa ya nyuzi 30 ikipoa hadi nyuzi 20 hupungua kwa takriban asilimia 3, na kwa godoro lenye shinikizo dogo hilo latosha kumshusha mlalaji. Ongeza upepo kidogo kabla tu ya kulala. Tena, hewa nyingi iliyo wazi ndani ya godoro huzunguka, ikichukua joto la mwili na kulipeleka sakafuni. Blanketi la juu halizuii hilo. Kinachozuia ni kitu kilicho kati ya mwili na godoro, na kingine kati ya godoro na ardhi.

Kitu bora cha kutandika chini ni ule mkeka wa mafunjo. Unazuia ubaridi wa sakafu na unazuia mwiba na changarawe visitoboe plastiki. Chandarua nacho kiwe kirefu cha kutosha kufika chini na kuchomekwa pande zote, maana godoro refu hula urefu wa chandarua na mbu wa ziwa hawakosi mwanya.

Kuna heshima moja ambayo godoro hili limeilinda. Wazee wetu wana miiko ya vitanda. Mzazi halali katika kitanda cha mwanawe aliyeoa, na mkwe hukaa mbali na mahali pa kulala pa mkwewe. Mama akija mjini kwa matibabu, katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala, zamani alikesha kwenye kochi, na hakuna aliyethubutu kumsihi. Godoro la upepo sebuleni, ambalo si kitanda cha yeyote, limempa usingizi bila kuvunja mwiko. Nimewaona akina mama wakiamka juu yake wakiwa wamepumzika kweli, na kwa hilo sina neno baya dhidi yake.

Ila bomani nimeona jambo jingine. Mwenyeji anatoka na mkeka wake kwapani, anamkuta mgeni ameshajaza godoro lake, ameshatandika, na hahitaji kitu. Mama yule anasimama kidogo, anasema, «Haya, lala salama, mwanangu,» kisha anarudi nao ndani. Hakuna aliyemkosea. Lakini amenyimwa kazi ambayo mama yake alimfundisha, na mgeni amelala nyumbani kwake bila kupokewa naye. Watu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi ikiwa hatumwachii la kutupa?

Wanaoshona par wanapungua, na mikeka ya plastiki imejaa sokoni. Bado wapo, na wangeendelea kama tungenunua. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayejiandaa kwenda kulala mbali na kwao ni huu. Nunua godoro zuri, na ukiweza nunua la watu wawili hata kama unasafiri peke yako, kwa kuwa matangani kila mara kuna aliyefika bila kitu. Ukifika, usiguse pampu kabla hujamsalimu mwenye boma na kumwomba akuonyeshe pa kulala. Akileta mkeka, upokee kwa mikono miwili, umwachie autandike mwenyewe, kisha uweke godoro lako juu yake. Utalala vizuri zaidi, kwa sababu nilizozitaja, na mwenyeji wako atajua kwamba usiku huo ulilala kwake.