Uvira: Nyumba ya udongo yenye familia moja iliogopa kujenga

Saa nane ya muchana, hapa Uvira, ni vigumu mutu akae ndani ya nyumba ya manjanja yenye haina plafo. Watoto wanatoka inje, mama anafuata na mukeka, baba anaweka kiti chini ya mwembe wa jirani. Nyumba inabakia peke yake, mulango wazi, kama vile ni ya watu wengine.

Familia moja ya muji huu iliishi hivyo miaka mitatu, katika nyumba ya kupanga. Baba ni mwalimu, mama anauzisha ndagala ku soko. Nyumba yao wenyewe ilienda na maji usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, wakati muto Mulongwe ulitoka katika njia yake. Watu makumi walikufa katika mafuriko yale, na maelfu ya nyumba zilibomoka. Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi. Asubui walikuta tope na vipande viwili vya manjanja. Toka siku ile mama alikuwa na neno moja: "Udongo, hapana tena."

Wakati walipata parseli ingine, fasi ya juu kidogo na mbali na muto, ukoo wote ulijua nyumba itakuwa namna gani: matofali ya kuchoma, simenti ndani na inje, manjanja juu. Kaka mukubwa wa baba alisema wazi: "Nyumba ya udongo ni ya mukimbizi. Mwalimu hawezi kulala mule." Feza zilihesabiwa. Zilitosha kwa kuta na manjanja tu. Plafo na baraza vilipaswa kungoja mpaka Mungu asaidie.

Fundi mumoja muzee, mwenye alijenga nyumba nyingi kandokando ya ziwa, aliitwa kuja kupima musingi. Mbele ya kufungua kamba, aliuliza: "Mama, mutoto wenu mudogo analala wapi muchana?"

"Inje, fundi. Ndani anatoka vipele vya joto."

"Basi munataka kujenga nyumba ingine yenye mutoto atakimbia?"

Mama hakujibu. Fundi aliendelea pole pole. Uvira iko karibu na ekweta, kwa hiyo jua la muchana linapita karibu juu ya kichwa. Joto kubwa haliingie kwa mulango, linashuka kutoka juu. Manjanja yanashika moto, kisha yanautupa chini juu ya watu, sawa vile mbabula yenye imegeuzwa. Ukuta unaweza kuwa wa bei kali namna gani, hauwezi kuzuia joto lenye linatoka juu. Feza za kwanza za kupambana na joto ni za plafo, si za ukuta.

Hapo ndipo alitaja udongo. Kama kuta zikipunguza bei, plafo na baraza havitangoja.

Mama alisimama. "Fundi, mimi niliona udongo ukienda na maji. Usiniambie."

"Mama, maji yale yalibeba hata nyumba za matofali ya kuchoma. Siwezi kukudanganya, udongo mubichi ukikaa katika maji unayeyuka. Lakini nyumba yenu ilikosewa kwanza na fasi, kisha na musingi." Halafu alionyesha milima yenye iko nyuma ya muji. "Na matofali ya kuchoma, unafikiri kuni zake zinatoka wapi?"

Swali hilo lilibakia katika nyumba siku nyingi. Ili tofali ligeuke jekundu na gumu, tanuru inapaswa kufikia joto la digri karibu 800 ao 900, na moto ule unakula kuni siku na usiku. Miti ikiisha ku mulima, mvua haina kitu cha kuizuia. Inashuka na udongo na mawe, inajaza muto, na muto unaingia katika nyumba za watu. Mama, mwenye alitaka matofali ya kuchoma juu ya kuogopa maji, alianza kuona kwamba tanuru na maji si vitu viwili mbalimbali. Simenti nayo ina moshi wake, hata kama hatuuone hapa: kwa kutengeneza kilo 1000 za simenti, gazi ya kaboni yenye kutoka inapita kilo 500, na gazi ile inaongeza joto la dunia. Inaleta baridi katika nyumba ya mutu hata mara moja? Hapana.

Baba, kwa upande wake, alikumbuka habari ya mwenzetu wa Burkina Faso, Francis Kéré. Katika kijiji chake cha Gando, alijenga shule ya msingi yenye ilimalizika katika mwaka wa 2001, kwa matofali ya udongo yenye kuchanganywa na simenti kidogo. Manjanja aliyainua juu sana ya plafo, ili upepo upite katikati na kubeba joto. Watu wa kijiji nao walikuwa na mashaka kama udongo utavumilia mvua. Shule ile ilipata zawadi ya Aga Khan katika mwaka wa 2004, na katika mwaka wa 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata zawadi ya Pritzker, yenye inaheshimiwa sana kati ya wachoraji wa majengo. Baba alimuambia kaka yake: "Kaka, yule si mukimbizi."

Kazi ilianza na mawe. Musingi ulipandishwa juu ya ardhi karibu urefu wa goti, na mufereji ulichimbwa kuzunguka. Udongo ulipimwa katika chupa: unautia na maji, unatikisa, unaacha ukae. Muchanga unashuka chini, udongo wa mfinyanzi unabakia juu, na fundi anaona kama vinalingana. Kwa kuta za inje walitumia mashini ya mukono yenye inakandamiza tofali moja moja, na kwa kilo 100 za udongo waliweka simenti kilo 6. Matofali yalifunikwa na kumwangiliwa maji karibu mwezi muzima, pasipo kuni hata moja. Kuta za ndani, zenye mvua haifikie, zilijengwa na adobe ya kawaida.

Nyumba iligeuzwa pia kwa kufuata upepo. Muchana upepo unatoka ku ziwa, upande wa mashariki. Usiku unashuka kutoka milimani. Basi kila chumba kilipata dirisha pande mbili zenye kuangaliana, na juu karibu na plafo yaliwekwa matofali yenye matundu, yenye mwizi hawezi kupitia, na wavu juu ya mbu. Matundu yale ni ya lazima, juu ukuta munene unakunywa joto muchana na kulirudisha usiku. Kama upepo wa usiku haupite, mutu atalala katika joto la jana. Upande wa asubui, wenye jua linapiga sana, ndiko baraza iliwekwa. Jioni mulima wenyewe unaleta kivuli mbele ya jua kushuka.

Plafo ni ya matete, na kati yake na manjanja kuna fasi wazi. Manjanja yalipitisha ukuta karibu metre moja, ili mvua ianguke mbali. Jikoni ilitoka ndani, ikawa kibanda pembeni, na mbabula ya udongo yenye kuokoa makala. Ku ukingo wa manjanja kuna mufereji wa maji ya mvua: dari ya metre karé 50, mvua ikinyesha milimetre 20 tu, inaweza kutoa karibu litre 1000. Maji ya dakika za kwanza yanamwangwa, juu yanasafisha vumbi. Yanayobakia ni ya kufua na kuosha vyombo. Ya kunywa, katika muji wenye kujua kolera kama huu, yanatiwa dawa ao yanachemshwa.

Nyumba si ya ajabu. Katika msimu wa pili wa mvua, kona moja ya upande wa kusini ilianza kubanduka, fasi yenye upepo ulikuwa unapiga mvua pembeni. Majirani waliona, na mama alisikia maneno yao ku soko. Usiku ule hakulala vizuri. Mvua ilikuwa inapiga manjanja, na yeye alikuwa anaweka mukono juu ya ukuta mara kwa mara, kama vile mutu anapima homa ya mutoto. Ukuta ulikuwa mukavu. Asubui fundi alikuja na kilo chache za udongo na simenti, akafunika kona ile, na akamuambia mama kwamba kazi hiyo itarudi kila mwaka. Mama alisema wavuvi nao wanashona nyavu zao kila juma, na hakuna mutu anasema nyavu ni za mukimbizi.

Shemeji mukubwa alikuja kutembea mwezi wa tisa, wakati joto liko kali. Alikaribishwa ndani saa nane ya muchana, na hakulomba kiti kitolewe inje. Hakusema kitu juu ya udongo. Alikula, aliegemea ukuta, na usingizi ulimukamata pale pale. Pembeni yake, ku mukeka, mutoto mudogo alikuwa amelala tayari.