Kabla ya Daraja: Msafiri wa Kusini na Mwenyeji Wake

Kabla ya Agosti 2003, mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa na safari ya Ruangwa au Nachingwea hakuulizwa nyumbani atafika saa ngapi. Aliombewa afike. Basi lilishuka hadi Ndundu, likajiunga na foleni ya kusubiri kivuko cha Mto Rufiji, na likishavuka lilikabidhiwa kwa mchanga wa kiangazi au tope la masika hadi Somanga na Nangurukuru. Mvua ikikolea njia ilifungwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki ya kufikiwa kwa meli au ndege. Mtumishi wa serikali aliyepewa barua ya uhamisho wa kusini alijua amekosana na mkubwa fulani. Kisha likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970. Lami ya kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, ikachukua zaidi ya miaka kumi mingine, na sasa anayeondoka Mbagala alfajiri huwa Ruangwa kabla ya magharibi. Habari za barabara hiyo zimesemwa sana majukwaani. Ninayetaka kumkumbuka mimi ni msafiri wake, maana naye amebadilika, na hakuna aliyemwekea jiwe la msingi.

Watu hupenda kusema kwamba wasafiri wa zamani walikuwa na moyo mpana: walikula walichopewa, walilala palipopatikana, hawakuuliza habari za shuka. Sikubali kwamba mioyo ilikuwa tofauti. Kilichokuwa tofauti ni uhitaji. Basi likikwama porini kwa usiku wa pili na chakula cha kufungasha kimekwisha, anayebaki kati ya abiria na njaa ni mama wa kijiji cha jirani mwenye sufuria ya mihogo. Abiria hamwulizi kama ana wali. Anamwamkia kwa adabu, anakaa mkekani, anaonja ming'oko ambayo sokoni mjini angeipita bila kugeuka, na kwa kuwa hana pa kwenda, mazungumzo yanaanza: bei ya korosho, jando la mwaka huu, ndugu aliyeko Temeke. Ukarimu huo nao ulikuwa na kanuni yake, ile ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu, na abiria waliokwama walilipokea: kuchota maji, kusukuma basi, kukata matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Hoja yangu ni kwamba utayari wa kupokea ya ugenini hautegemei sana tabia njema ya msafiri. Unategemea kiasi anachomhitaji mwenyeji wake. Anayekuja na kwao kote mgongoni hana la kumwuliza mtu.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Nachingwea yenyewe. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilimtuma John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, aangalie kama karanga zinaweza kulimwa kwa mashine huku kwetu. Timu yake ilimaliza kazi kwa wiki chache, na sehemu kubwa ya nchi iliitazama kutoka kwenye ndege. Mpango ukapitishwa: zaidi ya ekari milioni tatu, na sehemu kubwa kuliko zote ikapangiwa Jimbo la Kusini, ambako kituo chake kilikuwa Nachingwea. Ikajengwa reli kutoka pwani, bandari mpya ya kina kirefu Mtwara, na katikati ya pori ukaota mji wa wageni wenye nyumba zao, klabu zao na hospitali yao. Kule Kongwa, kituo kingine cha mpango huo, ikafunguliwa hata shule ya watoto wa Kizungu. Mgeni huyu alihitaji mikono ya Mmwera, mwenyeji wa pale, kwa ujira. Hakuhitaji chakula chake, wala mkeka wake, wala alichokijua kuhusu mvua. Januari 1951 mpango ulifutwa na hasara ya takriban pauni milioni 36 ikaangukia hazina ya Uingereza. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bandari ya Mtwara ikabaki kuwa karibu kitu pekee ambacho karanga zilituachia cha maana.

Hapa nitapingwa, na kwa haki. Karanga hazikuuawa na klabu. Ziliuawa na udongo wa Kongwa ambao jua likiuchoma unavunja majembe ya matrekta, na mvua zisizotabirika, na mashine za mitumba zilizonunuliwa kutoka kwenye masalia ya vita, na haraka ya wanasiasa wa London. Yote ni kweli. Lakini swali linalofuata ni kwa nini mambo hayo yaligunduliwa baada ya fedha kumwagwa. Ukame wa Kongwa haukuwa siri kwa Wagogo. Kusini nako watu walikuwa wakilima karanga na njugu mawe kwa jembe la mkono kabla ya trekta la kwanza kushushwa. Maarifa yalikuwepo, na bei yake ilikuwa kukaa na watu. Mtu ambaye chakula chake cha jioni kinatoka kwenye kopo lililoletwa na meli hana sababu ya kuhangaika shamba la jirani likikauka, na asiyehangaika hachunguzi. Starehe za nyumbani zilimkinga mgeni na joto, na zilimkinga vilevile na habari.

Ajabu ni kwamba Kongwa na Nachingwea, zote mbili, zilipata wageni wengine baada ya miaka michache: wapigania uhuru. FRELIMO, harakati ya ukombozi ya Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ikaanza vita Septemba 1964, na Nachingwea ikawa kituo chake kikuu cha mafunzo ya kijeshi, chini ya uangalizi wa Samora Machel. Kwa Mmakonde aliyevuka Ruvuma, pale palikuwa karibu kama kwao. Kwa kijana wa Gaza, alikotoka Machel mwenyewe, kusini kabisa mwa Msumbiji, ugeni ulikuwa kamili: lugha nyingine, chakula kingine, mila nyingine. Walilima chakula chao. Tangu mwaka 1967 wanawake nao walipewa mafunzo ya silaha, jambo ambalo katika vijiji walikotoka lisingepita bila ugomvi. Mmakonde, Mmakua na Mshangaan walikula sufuria moja kwa sababu hapakuwa na ya pili, na Machel alipoanza safari yake maarufu ya kutoka Ruvuma hadi Maputo, Mei 1975, wengi waliokuwa nyuma yake walikuwa wamewafahamu wenzao Nachingwea kabla ya kuijua nchi yao yote.

Sitaki kuipaka kambi ile rangi kuliko inavyostahili. Ilikuwa kambi ya jeshi na nidhamu ya jeshi haimwulizi mtu kama amependa. Hapohapo Nachingwea, Mei 1975, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alilazimishwa kusoma mbele ya umati maungamo ya usaliti. Kwa hiyo uhitaji una mipaka. Unaweza kumfanya mtu avumilie chakula na lugha ya mwenzake bila kumfundisha kuvumilia rai yake. Hilo halivunji hoja. Linaonyesha tu kwamba hoja ni nyembamba kuliko wanavyodhani wanaosema safari humfanya mtu kuwa mwema.

Mfano wa Masasi jirani unanisaidia zaidi, maana hauna bunduki. Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alikuwa na mamlaka ya kutosha kupiga marufuku jando na kurudi kwenye chai yake. Badala yake alilichukua, akaliwekea sala na kulifanya jando la Kikristo. Wapo wanaomsifu kwa upole wa roho. Mimi naona zaidi hesabu ya mtu aliyejua kwamba bila jando vijana wasingebaki kanisani, na bila vijana hana kanisa. Alikuwa anawahitaji, basi akawasikiliza. Na wapo wazee wa mila waliolalamika kwamba alichukua nusu na kuacha nusu, na sioni cha kuwajibu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mwenyeji. Ni rahisi kwa mtu wa mjini kuitamani barabara mbovu iliyompa simulizi nzuri. Mama mjamzito aliyehitaji hospitali upande wa pili wa Rufiji hakupata simulizi, na mkulima wa Ruangwa ambaye magunia yake yalingojea barabara ikauke alipoteza pesa. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara eneo la Somanga, magari na abiria walikwama kwa siku kadhaa, na kwa muda mfupi njia ya zamani ikarudi. Hakuna aliyeishangilia, na walikuwa na haki. Mtu wa Ruangwa naye anataka godoro, feni, na chipsi mayai akipenda. Kumtaka abaki na mkeka ili mgeni apate la kujifunza ni ubinafsi. Daraja lilistahili kujengwa hata miaka thelathini kabla. Ninachosema ni kwamba lilipojengwa liliondoa kitu bila mtu kukitaja: ule ulazima uliomkalisha mgeni na mwenyeji mkeka mmoja. Tangu hapo mgeni akitaka kumjua mwenyeji, itabidi aamue mwenyewe, na watu wengi hatuamui.

Tazama wageni wa leo. Tangu Namungo FC ipande Ligi Kuu mwaka 2019, mashabiki wa Simba na Yanga hufika Ruangwa kwa mabasi, huimba, hushinda au hufungwa, na hugeuza usiku uleule. Mji wameuona kupitia geti la Uwanja wa Majaliwa. Siwalaumu, mpira ndio uliowaleta. Wanaonishughulisha zaidi ni wale wa madini ya kinywe, ambayo Ruangwa imejaliwa kuwa nayo, hasa upande wa Chunyu na Matambarale. Hawa watakaa miaka, kama wale wa karanga, na kambi ya mgodi inaweza kujitosheleza kwa umeme, maji na chakula kiasi cha mfanyakazi kumaliza mkataba bila kujua soko la kijiji linafunguliwa siku gani. Serikali imeliona hilo kwa namna yake: kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinaitaka kampuni ipe kipaumbele bidhaa na huduma za hapa nchini. Yaani sheria inajaribu kufanya kazi iliyofanywa zamani na tope la Somanga, kumlazimisha mgeni amhitaji mwenyeji. Tatizo ni kipimo. Kampuni inayonunua vitunguu vyake Kariakoo na kuvisafirisha kwa lami hiyohiyo imenunua kwa Watanzania, na mwenye bustani wa Chunyu atavitazama vikipita. Kama Halmashauri ya Ruangwa inataka historia ya Nachingwea isijirudie kwa jina la kinywe, idai kwamba orodha ya manunuzi ya kambi ianzie kwenye kata yenyewe, kata ikishindwa ndipo wilaya, wilaya ikishindwa ndipo Dar es Salaam, na idai hivyo kabla majokofu ya kwanza hayajashushwa.