Mtoto kwa sheria moja, mke kwa nyingine

Msimu wa korosho unapoisha Tandahimba, fedha huingia majumbani na mambo yaliyokuwa yakisubiri huanza kupangwa. Mabati hununuliwa, madeni hulipwa, unyago huandaliwa, posa huletwa.

Katika nyumba moja, posa ililetwa kwa binti wa miaka 15. Alimaliza darasa la saba na hakuendelea na sekondari. Baba alikubali. Mjomba, ambaye kwa mila ya Wamakonde ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, naye akakubali. Mama peke yake alikataa.

"Kaka, huyu bado mtoto," alisema.

"Mtoto gani aliyekwisha kuchezwa unyago?" alijibiwa.

Alipompeleka mwanawe mdogo kliniki kupimwa uzito, alimuuliza muuguzi. Akaambiwa kuwa kuvunja ungo hakumaanishi nyonga zimekomaa. Anayebeba mimba akiwa mdogo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba, na uchungu wa muda mrefu unaweza kumwachia fistula, mkojo ukamtoka bila kujizuia.

Swali lake la pili lilikuwa gumu zaidi: sheria inasemaje?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, wakati mvulana lazima afike 18. Ridhaa inayotakiwa ni ya baba. Ya mama huhesabiwa tu baba akiwa amefariki. Sheria ya Elimu, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa mwanafunzi, lakini binti huyu si mwanafunzi tena.

Sheria zikipingana hivi, wananchi hutazama Katiba. Katiba ya mwaka 1977 haina ibara inayotaja haki za mtoto. Elimu imetajwa katika Ibara ya 11, ila Ibara ya 7 inasema sehemu hiyo haiwezi kudaiwa mahakamani. Ndiyo maana Rebeca Gyumi alipopinga vifungu vya ndoa za utotoni, hoja kubwa ilikuwa usawa: kwa nini msichana 15 na mvulana 18? Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu, na Serikali ikatakiwa kurekebisha sheria ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, vifungu vikabaki.

Kenya ilichagua njia nyingine. Katiba yake ya mwaka 2010 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na Ibara ya 53 inataka masilahi yake yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Inasema pia kuwa baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Tanzania nayo ilikaribia. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilikuwa na ibara ya haki za mtoto, lakini kura ya maoni ya Aprili 2015 iliahirishwa.

Maandishi peke yake hayamlindi binti, lakini yangempa mama huyu mahali pa kusimama mbele ya mume na kaka yake.

Mzazi aliye katika hali kama hiyo asisubiri Bunge. Aende kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, au apige 116, namba ya kusaidia watoto. Azungumze na mjomba mapema, kabla mahari haijapokelewa, maana fedha ikishaliwa ni vigumu kuirudisha.

Mama yule aliongea na kaka yake kwa siku kadhaa. Posa haikukataliwa, imesogezwa hadi msimu ujao. Binti atakuwa na miaka 16.